Baba Yako Hakwenda Zambia

Ramazani mwanangu,

Umeenda Kasungami kuaga rafiki zako, na mimi nimefunika cherehani mapema ili nikuandikie kabla hujarudi. Usishangae. Mama yako ana mdomo, Kampemba nzima wanajua, lakini kuna maneno ambayo mdomo huu umeyakataa miaka yote. Kila nikijaribu kuyatoa yananigeukia njiani, najikuta nakugombeza juu ya sahani zisizooshwa. Kwenye karatasi labda yatatulia.

Sitakuandikia habari ya blanketi, wala wezi wa stesheni ya Ilebo, wala maji ya kunywa huko kwenye bato, ile meli ya mtoni. Shangazi yako amekuambia yote hayo, na hukumsikiliza. Mimi nataka kukuambia habari ya baba yako kabla hujapanda treni kulinda gari la tajiri wako Kilufya mpaka Kinshasa. Ukishaijua, utaamua mwenyewe kama kesho unapanda au hupandi.

Jumamosi, ulipobadilisha mkanda wa feni wa lile gari hapa uani, nilikuwa nimekaa mlangoni na gauni la mteja mapajani, na sikushona hata mshono mmoja. Mkanda ulikuwa mpya, umebana. Fundi mwingine angechukua bisibisi akaupandisha juu ya puli kwa nguvu, nyuzi za ndani zikakatika bila mtu kuona. Wewe ulilegeza bolti za dinamo kwanza, ukaisukuma dinamo mpaka ikalalia injini, ukaupenyeza mkanda kati ya feni na radieta, ukaupitisha juu ya panga moja la feni, kisha jingine, huku unazungusha kwa mkono. Halafu ukaivuta dinamo nyuma kwa kipande cha mbao, ukakaza, ukabonyeza mkanda kwa dole gumba kuona unacheza kiasi gani. Kilufya alikuwa amesimama pembeni na abakosti yake, lile koti la wakubwa wa Chama, tumbo limetangulia.

"Muone vile iko nafanya," akasema. "Uyu haina mekanisiye wa kulipa. Uyu njo mutoto wangu."

Na wewe ukafuta mikono, ukacheka, ukasema, "Merci, papa."

Niliingia ndani. Ulidhani nimekwenda kuangalia mboga ya sombe jikoni. Jioni nilipokuuliza kwa nini unamwita papa, ulinijibu bila hata kuinua kichwa kwenye sahani: "Mama, sasa nitaita nani papa? Ule wa Zambia?"

Ule wa Zambia. Hilo ndilo jina la baba yako katika nyumba hii, na mimi ndiye niliyelileta. Nilikuacha umchukie mtu ambaye hakukuacha hata siku moja kwa kutaka kwake. Baba yako hakwenda Zambia, Rama. Hakuwa na mwanamke huko. Alichukuliwa Kasenga mbele ya macho yangu, wewe ukiwa umelala mgongoni kwangu, na sikufungua mdomo.

Sasa nianze vizuri, maana nikiandika hivi hutaelewa.

Lile gari halikuwa la Kilufya. Lilikuwa la Mgiriki mmoja aliyefanya biashara ya samaki wa Kasenga. Jekundu, viti viwili, paa la turubai la kukunja, chini mno hata ukikaa ndani unaona magoti ya watu tu. Serikali iliposema maduka ya wageni yawe ya wananchi, Mgiriki akaondoka na sanduku moja. Kilufya, ambaye hakuwahi kuuza hata kiberiti lakini alijua kupiga makofi mahali panapotakiwa, akapewa duka, chumba cha barafu na gari. Baba yako ndiye aliyekuwa fundi wa Mgiriki, kwa hiyo naye akapatikana humo humo pamoja na gari, kama jeki.

Alilipenda lile gari, sitakuficha. Alikuwa akirudi jioni ananuka petroli, namwuliza, "Mke mwenza hajambo?" anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa mtu wa kucheka, baba yako. Hujui hata hilo, na mimi ndiye niliyekunyima.

Duka halikumaliza mwaka. Lilibaki rafu na panya. Vipuri vya gari navyo vikapotea mjini, kwa sababu waliokuwa wakivileta ndio hao waliofukuzwa. Basi ikafika siku ujumbe wa Chama unakwenda Kasenga, na Kilufya anataka awatangulie, aingie mji wa samaki na gari jekundu, watu wamwone. Mkanda wa zamani ulikuwa umepasuka. Akaleta mwingine alioupata sokoni, wa gari la aina nyingine.

Nilikuwepo wakati baba yako anaujaribu. Alilegeza kila kitu cha kulegezwa, dinamo ikalala kabisa, na bado mkanda ulikataa kuruka ukingo wa puli.

"Patron," akasema, "hii kurua iko mufupi. Ni ya motoka ingine."

"Inaingia ao haiingie?"

"Kama nalazimisha, inaingia. Lakini itakaza sana. Itakatika mu njia, ao itaharibu pompi ya mayi."

"Basi ingiza. Mi siwezi kwenda kuambia Chama kurua iko mufupi."

Akauingiza. Wewe ni fundi, kwa hiyo nakuambia na hili bila kumpamba: alijua, na akauingiza. Alizungusha injini kwa mkono huku anausukuma kwa ubapa wa bisibisi, mpaka ukaruka. Ulikuwa umekaza hata ukiugusa unalia. Nilimwona anaufunikia boneti kama mtu anayefunika chungu kilichoungua. Nikamwambia amkatalie Kilufya. Akanijibu, "Mama Rama, na kesho tutakula nini?" Nikanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza katika habari hii mimi kunyamaza, zipo nyingine.

Mimi nami nilikuwa na safari hiyo hiyo. Nilikuwa nashonea akina mama wa animasyo, wale wanaocheza na kumwimbia Kiongozi, na mwenyewe nilikuwa nacheza pia, usinicheke. Tulivaa vikwembe, vitenge vyenye uso wake. Ushonaji wa kitambaa kile ulikuwa na masharti: uso usikatwe na mshono, usiwe kichwa chini, na zaidi ya yote usianguke mahali ambapo mwanamke anakalia. Mafundi wengi walikikimbia. Mimi nilikuwa nakitandaza sakafuni, nazunguka nacho nusu siku kabla ya kugusa mkasi, uso mmoja kifuani, mmoja mgongoni, makalio yanapata maua tu. Nilijivuna kwa hilo. Nilidhani nimepata njia ya kuishi na watu hawa bila kuumia: kuwa mwangalifu.

Gari lilitangulia, sisi tukafuata kwa lori tukiimba. Kabla ya Kasomeno tukalikuta limesimama kando ya barabara linatoa mvuke. Mkanda umekatika, kama alivyosema. Kilufya anazunguka gari na leso usoni. Baba yako alijaribu kufunga ukanda wa mpira wa tairi la ndani, ukavutika, ukateleza, ukayeyuka. Ndipo akanijia mimi.

"Mama Rama, unipe kitambaa ya nguvu. Ya kupasula mu urefu."

Nilikuwa na kikwembe changu cha pili, kile cha kufungia juu. Nikapasua upande wa pindo, pasipo na uso. Pamba nzuri ukiipasua kwa urefu wake inakwenda yenyewe, inashika. Baba yako akausokota kama kamba, akaulowesha, akauzungusha puli ya injini na puli ya pampu peke yake, dinamo akaiacha nje, akisema betri itatufikisha. Feni ikazunguka. Tukapiga vigelegele hapo barabarani kama tuko harusini.

Mkanda huo wa nguo ulitupitisha Kasomeno, ukakatika. Jua linashuka. Pindo la upande wa pili lilikuwa limeliwa na moto wa pasi zamani, bovu. Kilichobaki ni katikati, na katikati yote ilikuwa nyuso.

Nikamwambia Kilufya mwenyewe, si baba yako: "Patron, apa iko uso ya Kiongozi."

Akaangalia barabara huku na huku. Kisha akasema, na maneno haya nayasikia hata nikiwa nachambua mchele: "Pasula. Mu motere nani ataona?"

Nikapasua. Mimi, kwa mikono yangu hii, mwanamke mwangalifu. Nikaona sikio na kipande cha miwani vinakwenda kwenye mkono wa baba yako, akavisokota, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Nilichobaki nacho nikajifunga kiunoni juu ya kile cha kwanza, pindo lenye kuchanika likiwa nje. Sikufikiria.

Kasenga walikuwa wanatungoja. Ujumbe ulikuwa umeshafika kwa njia yao, vijana wa Chama wamepanga mistari. Gari jekundu likaingia, wakalizunguka, Kilufya akashuka anapunga mkono. Kisha mtu akasema anasikia harufu ya nguo inayoungua. Moshi ukatoka pembeni mwa boneti. Vijana, kwa wema tu, wakaifungua. Mmoja akaushika ule mfungo kwa kijiti akauvuta, ukafunguka wote mbele ya watu, mweusi wa mafuta, na nusu ya uso ikatokea.

Vijana wakarudi nyuma. Ngoma ikakatika.

"Ni nani amefunga Kiongozi ku motere?"

Kilufya hakungoja swali liishe. "Mi sijue kitu. Mi niko nakaa tu mu kiti. Muulize mekanisiye."

Baba yako akamwangalia. Hakusema kwamba patron ndiye aliyeamuru. Labda alijua hawatamwamini, labda alidhani Kilufya atamsaidia baadaye kama akimfichia. Sijui, na sitajua. Wakamwuliza kikwembe ni cha nani. Akasema, "Niliokota ku barabara."

Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na kipande kilichobaki kiunoni. Mwanamke mmoja wa kundi letu alifungua kikwembe chake akanizungushia mimi na wewe, akanisukuma nyuma ya wengine. Baba yako aliona. Akageuza macho upande mwingine haraka, ili wasifuate anakoangalia. Hivyo ndivyo alivyoniaga. Ungeamka ukalia wakati ule, labda ningetoka mbele kwa kuchanganyikiwa. Hukuamka. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yako, na ilikuwa kweli, lakini pia niliogopa kwa ajili ya mwili wangu mwenyewe. Nataka uyajue yote mawili.

Walimleta Lubumbashi. Kila siku nilipika, nikapeleka chakula getini walikomfungia. Askari anapokea bakuli, kesho yake ananirudishia tupu. Nilikuwa nalinusa. Nilikuwa naangalia kama limefutwa na kidole, maana baba yako alikuwa hamalizi mchuzi bila kupitisha kidole. Mpaka asubuhi moja askari akanirudishia bakuli papo hapo, tonge la bukari na samaki vikiwa vimejaa vile vile, bado vya moto. Alikuwa kijana, aliona haya.

"Mama," akasema, "usilete tena."

Nikamwuliza, "Bamemupeleka wapi?"

"Mama, mi nakuambia usilete tena. Enda ku nyumba."

Hakuna karatasi, hakuna maiti, hakuna kaburi. Na bila maiti hakuna kilio, maana ukiweka kilio watu watauliza ni nani amekufa, na kwa nini.

Kilufya alikuja jioni ileile. Alileta mfuko wa bunga na dumu la mafuta. Akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia. "Bibi," akasema, "bantu batauliza. Useme ameenda Zambia. Ni vizuri kwako, na kwa mutoto." Nikasema ndiyo, patron. Nikapokea bunga. Nilipika bukari ya bunga lile usiku huo, Rama, na wewe ukala, na mimi nikala.

Babu yako, baba yangu, fundi wa nguo aliyenifundisha mkasi, alitaka tumswalie baba yako swala ya maiti aliye mbali. Alisema tutafunga mlango, tutakuwa watatu tu. Nilimkatalia. Nilimpigia kelele mzee wangu, nikamwambia anataka kuniua. Alikufa bila kunisamehe vizuri. Eda niliikaa, lakini kwa wizi: niliwaambia wateja mguu unaniuma, siwezi kutoka, nikashonea ndani nimevaa rangi zangu za kawaida ili wasishuku. Wanawake wa lori walijua, wakafunga midomo kwa hofu; wateja wengine waliniletea dawa ya mguu. Mmoja alinifariji kwa sababu ya mume aliyekimbia, akanieleza wanaume wa sasa walivyo, na mimi nikatikisa kichwa, nikasema kweli mama, hawana maana.

Umenielewa sasa? Nilimtukana mbele ya watu ili wewe uishi, halafu nikazoea. Uliponiuliza mara ya kwanza, bado huna meno ya mbele, nilisema Zambia. Ulipoanza kumkasirikia, nilipata nafuu, nikifikiri hasira haiulizi maswali. Kilufya akalipa shule yako, nikapiga magoti kumshukuru. Akakuruhusu kuchezea lile gari, nikanyamaza. Nimejifunza hili tu, na sikufundishi, nakusimulia: nilinyamaza mara moja kwa ajili ya mtoto, nikaombwa tena kwa ajili ya bunga, tena kwa ajili ya shule, na mwisho sikukumbuka nilianza kwa ajili ya nini. Nikakaa mlangoni Jumamosi nikakusikia unamwita papa.

Nimejaribu kumhurumia. Aliogopa pale Kasenga, na kila mtu pale aliogopa. Lakini aliogopa siku moja. Miaka yote iliyofuata hakuwa na hofu, alikuwa na raha. Amelitembeza lile gari mbele ya nyumba yangu na honi. Amekufanya wewe umshikie kazi ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimtosa, na mbele yangu amekuita mwanawe huku ananiangalia usoni, kuona kama nitasema.

Najua utaniuliza ubaki ufanye nini. Kampuni ya shaba haiandiki vijana tena, gereji zimejaa mafundi wanaotazamana, na mimi nashona viraka kuliko nguo. Kinshasa kuna mshahara na chumba. Sina kitu cha kukupa badala ya hivyo. Nilipoanza barua hii nilisema uamue mwenyewe, na nimekuwa nikijidai kurasa hizi zote kwamba sikuombi chochote. Ni uongo mwingine. Nakuomba. Usiende na mtu huyu. Nenda Likasi, nenda Kolwezi, nenda hiyo Zambia yenyewe ukauze mkaa, lakini usiende na yeye.

Barua nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome humu humu ndani, kisha itie kwenye moto wa mbabula, maana mambo haya bado yanaua.

Na kama alfajiri utabeba sanduku utoke, sitakufungia mlango wala sitakulaani. Wewe ni mtoto wangu, na njaa naijua. Lakini majirani watakuja kuniuliza umekwenda wapi, kama walivyoniuliza habari ya baba yako. Safari hii nitawajibu. Nitasimama hapo uani, penye watu, niseme Ramazani amekwenda kumtunzia gari mtu aliyesema hajui kitu siku ile Kasenga, na nitaeleza ni siku gani, na baba yako nitamtaja kwa jina. Wakija kunichukua, wewe usilete chakula.

Mama yako